Tuvisafishe Vyuma vya Mashua Kabla Bahari Haijavila



Kutoka Vanga mpaka Kiunga kuna vikundi vya kujisaidia ambavyo riziki yao yote imo ndani ya chombo kimoja cha tanga. Kikundi hiki kinavua, kile kinabeba abiria na mizigo, na kingine kinawapeleka wageni kutazama samaki na matumbawe. Zamani chombo kilikuwa mbao, misumari ya chuma na kamba. Siku hizi mambo ni mengine. Hata mashua ya mbao huenda ina boliti, pete na makapi ya stenlesi. Na ile mashua ya faiba inayonunuliwa kwa mtu aliyekwisha kuitumia huja na stenlesi tele: waya za kushikilia mlingoti, mabamba ya kufungia waya hizo, reli za omo, vifungio vya kamba, bawaba za usukani.

Vyuma hivi ni ghali. Waya moja ya mlingoti pamoja na vifungo vyake inaweza kumaliza akiba ambayo kikundi kimeweka kwa miezi. Tena si pesa peke yake. Pini moja ndogo ikikatika upepo ukiwa mkali, mlingoti unaanguka, na chini ya mlingoti kuna watu. Kwa hiyo katika toleo hili tunaeleza jinsi ya kuvisafisha, kuving'arisha na kuvikagua vyuma hivi. Kazi yenyewe si ngumu. Inataka maji baridi, sabuni, kitambaa, macho mazuri na watu wanaoshika zamu.

STENLESI NI NINI?

Watu wengi hufikiri stenlesi ni chuma kisichoweza kushika kutu hata kidogo. Basi siku wanapoona madoa mekundu wanasema wameuziwa feki. Mtu atauliza, "Fundi, kama hii ni stenlesi, mbona ina kutu?" Swali hilo ni zuri na lina jibu.

Stenlesi ni chuma cha pua kilichochanganywa na madini yaitwayo kromi. Ili chuma kiitwe stenlesi, kromi ni lazima iwe angalau asilimia 10.5. Mwaka 1913, huko Sheffield, Uingereza, mtaalamu wa vyuma Harry Brearley alikuwa anatafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika upesi. Alichanganya chuma na kromi kiasi cha karibu asilimia 13, akaona kuwa chuma hicho hakishiki kutu kwa urahisi. Wa kwanza kunufaika walikuwa watengenezaji wa visu vya mezani.

Siri yake ni hii. Kromi ikikutana na oksijeni ya hewani hufanya ngozi nyembamba sana juu ya chuma. Ni nyembamba hata jicho halioni: ukigawanya milimita moja mara milioni, ngozi hii ni vipande vichache tu vya hivyo. Lakini ngozi hiyo ndiyo inayozuia kutu. Tena ina tabia ya ajabu. Ukiikwaruza, hujitengeneza upya yenyewe, mradi chuma kiwe kisafi na kipate hewa.

Shikeni maneno hayo mawili: kisafi, na kipate hewa. Mengine yote tutakayosema yanatoka hapo.

BAHARI HUKIHARIBU VIPI?

Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35, yaani karibu vijiko vikubwa viwili. Maji yakirukia reli ya mashua, jua huyakausha lakini chumvi hubaki. Kesho yake hurukiwa tena, na chumvi huongezeka. Usiku chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewani na kuwa maji makali kuliko bahari yenyewe. Ndani ya chumvi mna kitu kiitwacho kloraidi, nacho ndicho adui wa ile ngozi ya kromi. Huitoboa.

Uharibifu huja kwa njia nne.

Ya kwanza ni madoa ya juu juu, rangi ya chai ya strungi. Haya yanaharibu sura tu, na yanatoka yakisuguliwa mapema. Yakiachwa, chini yake huanza vishimo.

Ya pili ni vishimo vyenyewe. Hivi ni vidogo kama vimechomwa na sindano, lakini huenda chini. Juu unaona nukta tu, kumbe ndani kumeliwa.

Ya tatu ni kutu ya mafichoni. Hii ndiyo mbaya zaidi. Chini ya washa, ndani ya tundu la boliti, chini ya utepe uliozungushiwa waya, ndani ya mbao iliyolowa, maji ya chumvi huingia na kutulia. Hewa haifiki. Ngozi ikitoboka haiwezi kujitengeneza upya. Sehemu ya nje inang'aa kama kioo, na sehemu iliyofichika inaliwa kimya kimya.

Ya nne tunaiita kutu ya kuazima. Fundi akikata chuma cha kawaida kwa grenda karibu na mashua, cheche hurukia stenlesi na kunata. Vivyo hivyo ukisugua kwa ule waya wa kusugulia sufuria, vipande vyake hubaki. Vipande hivyo hushika kutu na kuivuta stenlesi nayo iharibike.

VITU VYA KUTAYARISHA

Vingi vya vitu hivi mnavyo nyumbani tayari:

- Maji baridi ya kutosha, yasiyo na chumvi. Angalieni hapa: visima vingi vya pwani vina maji ya chumvi chumvi. Yaonjeni. Kama yana chumvi, tumieni maji ya mvua. Mapipa mawili chini ya mabati ya jengo la kikundi yatasaidia sana wakati wa masika.
- Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, au sabuni ya kipande iliyoyeyushwa.
- Vitambaa laini. Leso iliyochakaa ni nzuri kabisa.
- Dodoki, au brashi ya plastiki yenye nywele laini. Mswaki wa zamani hufika kwenye pembe. Makumbi ya nazi pia yanafaa, lakini makumbi mengi huvundikwa katika maji ya chumvi. Kwa hiyo yasuuzeni mara kadhaa katika maji baridi kwanza.
- Ndimu au malimau, au asidi ya sitriki ya unga, ambayo huuzwa katika maduka ya kemikali.
- Dawa ya kung'arishia chuma iliyoandikwa kuwa inafaa stenlesi. Ikikosekana, unga laini wa chaki uliolowekwa kidogo husaidia kwa kazi nyepesi.
- Nta ya kupaka magari au mashua.
- Glavu za mpira, na miwani ya kulinda macho.
- Daftari na kalamu. Mtaona sababu yake mbele.

KAZI YENYEWE, HATUA KWA HATUA

1. Kuosha. Mwagieni maji baridi kwanza ili chumvi na mchanga viondoke. Msianze kusugua chuma kikiwa kikavu, kwa sababu chembe za mchanga na chumvi zitakikwaruza. Kisha osheni kwa sabuni na dodoki, na msisahau chini ya reli na nyuma ya makapi. Suuzeni vizuri.

2. Kukausha na kutazama. Futeni kwa kitambaa kikavu. Sasa tazameni. Madoa ya strungi yako wapi? Kuna nukta? Kuna mstari mwembamba wa kutu? Msikimbilie kuufuta mstari kabla ya kuuandika daftarini. Mahali kutu inapochuruzika ndipo panaposema ugonjwa uko wapi.

3. Kuondoa madoa. Kwa madoa mepesi, kamueni ndimu, lowesheni kitambaa, kiwekeni juu ya doa kwa dakika kama 20, halafu sugueni na kusuuza. Ndimu iwe mbichi. Si ndimu ya achari, maana hiyo imejaa chumvi. Wengine wamezoea kusugua shaba kwa ndimu na chumvi. Kwa shaba ni sawa, lakini kwa stenlesi ni kumwalika adui nyumbani.

Kwa madoa magumu, yeyusheni asidi ya sitriki gramu 100 katika lita moja ya maji baridi, kwa chombo cha plastiki. Vaeni glavu na miwani. Pakeni, acheni nusu saa huku mkilowesha tena ikikauka, sugueni, kisha suuzeni kwa maji mengi. Asidi hii ina faida mbili. Inaondoa kutu, na inaondoa vile vipande vya chuma cha kuazima, hata kromi ikapata nafasi ya kujitengenezea ngozi mpya.

Madukani kuna dawa nyingine zenye asidi ya oksaliki au ya fosforiki. Zinafanya kazi vizuri, lakini oksaliki ni sumu ikimezwa. Someni maandishi ya kopo, na msiihamishie kamwe katika chupa ya soda. Watoto hawajui kusoma kilichomo, wanajua chupa ya soda tu.

4. Kung'arisha. Kama chuma ni laini bado, pakeni dawa kidogo kwa kitambaa, sugueni mpaka kitambaa kiwe cheusi, geuzeni upande safi, endeleeni. Kama stenlesi ina mistari ya kiwandani, fuateni mistari hiyo. Msiikate kwa kuzungusha.

Kama kuna mikwaruzo, anzeni na msasa wa maji nambari 400, kisha 600, 800, na mwisho 1200, mkilowesha kwa maji baridi wakati wote. Kila nambari iondoe alama za nambari iliyotangulia kabla ya kwenda mbele. Mwisho ndiyo dawa na kitambaa. Msasa uwe mpya, si ule uliotumika kwenye chuma cha kawaida.

Kung'arisha si urembo tu. Chuma kilicholainika vizuri hakina mabonde ya kushika chumvi, na maji huteleza yakaenda zake. Kilichokwaruzwa hushika kutu upesi zaidi.

5. Kupaka nta. Chuma kikiwa kikavu kabisa, pakeni nta nyembamba, acheni ikauke, futeni. Nta huzuia chumvi isinate. Lakini msipake mahali pa kukanyaga, watu watateleza.

MAMBO YA KUEPUKA

Msitumie waya wa kusugulia sufuria wala brashi ya waya wa chuma cha kawaida. Tumeeleza sababu.

Msitumie mchanga wa ufuoni. Unakwaruza, na una chumvi.

Msitumie dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, ile yenye klorini, wala ile asidi kali ya kuondolea saruji kwenye vigae. Hizi mbili zinaila stenlesi moja kwa moja.

Na hili tunalisema kwa herufi kubwa: MSICHANGANYE KAMWE DAWA YA KLORINI NA ASIDI YOYOTE, HATA NDIMU AU SIKI. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo huchoma mapafu na inaweza kuua. Ikitokea kwa bahati mbaya, kimbieni mahali penye upepo, na aliyeivuta apelekwe hospitali hata kama anasema amepata nafuu.

Msizungushie utepe au plastiki waya na vifungo kisha mkaviacha miaka na miaka. Mnafikiri mnavilinda, kumbe mnavinyima hewa na kuviwekea maji ya chumvi ndani.

KUNG'AA SI UZIMA

Hapa ndipo penye uzito wa makala haya. Kuna vikundi ambavyo hung'arisha reli kwa sababu wageni wanaziona, lakini hakuna anayetazama pini ya chini ya mlingoti. Reli haishikilii mlingoti. Pini ndiyo inayoushikilia.

Kwa hiyo kila mnaposafisha, mkague. Tunapendekeza mambo matano.

Kwanza, pitisheni pamba au kitambaa chepesi juu ya kila waya, kutoka chini mpaka mnapofika. Uzi mmoja wa waya ukiwa umekatika, pamba itanasa. Msipitishe kidole kitupu, kitachanwa. Waya uliokatika uzi hata mmoja usiaminiwe tena. Haufungwi kwa utepe, unabadilishwa.

Pili, tazameni mahali waya unapoingia kwenye kifungo chake cha mwisho. Maji hukaa hapo. Tafuteni ufa mwembamba kama unywele, ukienda kwa urefu wa kifungo. Kioo cha kukuzia kinasaidia sana.

Tatu, mabamba yanayoshika waya za mlingoti ubavuni. Yale yanayopita ndani ya sitaha au ndani ya mbao huliwa mahali pasipoonekana. Kila mwaka toeni angalau moja mlitazame lote, na mwaka unaofuata toeni jingine. Mkikuta lina vishimo au nyufa, toeni yote.

Nne, bawaba za usukani na boliti zake. Sukumeni usukani huku na huku mkiwa ufuoni. Ukicheza sana, kuna kitu kimelika.

Tano, mahali ambapo stenlesi inagusana na madini mengine. Mlingoti wa aluminiamu wenye skrubu za stenlesi huota unga mweupe kuzunguka skrubu. Hapo si stenlesi inayoliwa, ni mlingoti wenyewe. Madini mawili tofauti yakigusana ndani ya maji ya chumvi, moja hulika upesi ili jingine lipone. Wekeni washa ya plastiki katikati. Misumari ya mabati nayo ikiwekwa karibu na boliti za stenlesi huisha mapema.

Kitu chenye ufa hakisafishwi. Kinatolewa. Ufa haung'arishwi ukapona. Waya za mlingoti nazo, hata zikionekana nzima, mafundi wengi hushauri zibadilishwe baada ya miaka kama 10. Kama mmenunua mashua ya mtu, mwulizeni waya zina umri gani. Asipojua, zihesabuni kuwa nzee.

MKINUNUA AU KUCHOMELEA

Stenlesi ni za aina nyingi, na hapa vikundi vingi hupoteza pesa. Ya kawaida huitwa 304. Ina kromi kama asilimia 18 na nikeli kama 8, na ndiyo sababu vijiko vingine vimeandikwa 18/8. Inafaa jikoni. Ya bahari huitwa 316. Hiyo imeongezewa madini ya molibdenamu, kama asilimia 2 hadi 3, ili istahimili chumvi. Si kwamba haiharibiki, ila inastahimili zaidi.

Kwa macho zinafanana kabisa. Sumaku nayo haiwezi kuzitofautisha, kwa kuwa zote mbili hazivutwi na sumaku, au huvutwa kidogo sana pale zilipokunjwa. Sumaku itawasaidia kumjua anayewauzia chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya fedha. Hicho kitanata vizuri. Kwa boliti, tazameni kichwa chake: alama A2 ni jamii ya 304, na A4 ni jamii ya 316. Kwa mashua ombeni A4, na muandikiwe hivyo kwenye risiti.

Mkifunga nati ya stenlesi kwenye boliti ya stenlesi, pakeni grisi kwanza na msikaze kwa haraka. Zikiwa kavu hung'ang'aniana, ukaishia kukata boliti nzima kwa msumeno.

Kuhusu kuchomelea, fundi wa jua kali anaweza kuifanya kazi hii vizuri kama ana vijiti vinavyofaa. Kwa 316 aombwe atumie vijiti vya 316L. Baada ya kuchomelea mtaona rangi za samawati, dhahabu na kahawia kando ya mshono. Watu wengine huzipenda, lakini mahali penye rangi hizo pameharibika ngozi, na hapo ndipo kutu huanza. Ziondolewe mpaka chuma kiwe cheupe, kwa msasa au diski mpya ambayo haijagusa chuma cha kawaida, kisha pakwe asidi ya sitriki na kusuuzwa. Kuna dawa maalum za viwandani za kuondoa rangi hizo, lakini nyingi zina asidi ya hatari sana inayopenya ngozi hadi mfupani. Vikundi viziache.

Na chombo kinachobeba uzito wa mlingoti kisichomelewe kando ya barabara halafu kikarudishwa kazini siku ile ile. Hicho kinunuliwe kipya, au kitengenezwe na fundi anayejua mizigo ya mashua.

RATIBA YA KIKUNDI

Kazi ya wote ni kazi isiyo na mwenyewe. Kwa hiyo andikeni majina.

Kila safari ikiisha: maji baridi juu ya vyuma vyote, ndoo moja au mbili zinatosha. Hii peke yake inazuia sehemu kubwa ya uharibifu. Watu wawili wa zamu waifanye kabla ya kugawana mapato ya siku, si baada ya hapo. Baada ya kugawana, kila mtu ana safari yake.

Kila wiki: sabuni, kitambaa, na kupitisha pamba kwenye waya.

Kila mwezi: kuondoa madoa, kung'arisha panapohitajika, na kukagua pini zote. Daftari lisomwe mkutanoni.

Kila mwaka: kazi kubwa. Wakati mzuri ni kusi inapovuma kwa nguvu, kati ya Mei na Agosti, bahari inapochafuka na vyombo vingi kupandishwa ufuoni. Wakati mafundi wanatia kalafati na kupaka rangi, ninyi toeni mabamba, fungueni boliti, mkague yaliyofichika. Tena masika yamekwisha kuwaachia maji ya mvua. Mashua ikirudi majini kaskazi isiikute na kazi ya mwaka jana.

Mweka hazina naye ana sehemu yake. Kila mapato yanapogawanywa, kiasi kidogo kiwekwe kando kwa jina la vyuma vya mashua, kisiguswe kwa shughuli nyingine. Kikundi chenye akiba hubadilisha waya ukiwa na uzi mmoja uliokatika. Kikundi kisicho na akiba hungoja hadi ukatike wote, kisha kinatafuta mkopo na mlingoti mpya kwa pamoja.

NANYI WA BARA

Msigeuze ukurasa mkisema haya ni ya watu wa pwani. Wenzetu wa Ziwa Victoria wana maji baridi, kwa hiyo stenlesi yao hukaa zaidi, lakini kutu ya mafichoni na ya kuazima huwapata pia. Na vikundi vya maziwa vyenye makopo ya stenlesi, vikundi vya akina mama vyenye sufuria kubwa za kukodisha harusini, na zahanati zenye vifaa vya chuma hicho, kanuni ni zile zile: sabuni laini, maji safi, kitambaa, hakuna waya wa chuma, na dawa ya klorini isiachwe ikikaukia juu yake. Mkitumia klorini kuua vijidudu, fuateni kipimo na suuzeni.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Katika chombo chetu, ni chuma gani ambacho kikikatika watu watakuwa hatarini? Nani alikitazama mara ya mwisho, na lini?

2. Maji tunayosuuzia yana chumvi? Tutapata wapi maji ya mvua?

3. Zamu ya kuosha imeandikwa, au tunategemea mwenye moyo?

4. Waya za mlingoti wetu zina umri gani?

5. Tukiweka kando kiasi gani kila safari, tutaweza kununua waya mpya kabla ile ya zamani haijafika mwisho wake?

Kikundi kinachoweza kujibu maswali haya matano bila kutazamana usoni, mashua yake iko mikononi mwa watu. Kisichoweza, kianze na swali la kwanza wiki hii, kabla ya safari inayofuata.